Boti Ambayo Haikuzama

Nyumba yetu ya Jang'ombe iliingia ugomvi mkubwa kwa sababu ya boti ambayo haikuzama. Wala haikuwapo. Iliundwa na mtoto wa miaka saba mbele ya sahani ya muhogo wa nazi, ikapakia abiria, ikazamishwa palepale juu ya mkeka, na maneno yaliyosemwa usiku ule yalichukua muda kutoka mioyoni mwa watu.

Tulikuwa tunajitayarisha kwenda Pemba harusini. Kaka keshakata tiketi, mama keshapiga pasi sare yake, wifi keshapakwa hina na anakula kwa kijiko asiiharibu. Mtoto wao wa kike akarudi kutoka chuo cha Kurani, akanawa, akakaa, akauliza bila kuinua macho:

"Baba, tukienda Pemba boti ikazama, na wewe unaweza kumwokoa mtu mmoja tu, utamwokoa mama au bibi?"

Kaka yangu ni mtu mwema na mwepesi wa kujibu. Angeweza kumwambia mtoto ale, chakula kinapoa. Badala yake alimtazama mama, akamtazama mkewe, kisha akasema kama mtu aliyepata ufumbuzi: "Nitamwokoa bibi yako, kwa sababu mama yako mwenyewe hatonisamehe nikimwacha bibi."

Wifi aliinuka akaanza kukusanya sahani. Ya kaka aliiondoa ikiwa bado ina muhogo.

"Kwa hivyo mimi unaniokoa kwa kumwogopa mkeo," mama alisema. "Si kwa kuwa nimekuzaa."

"Basi tuseme namwokoa mke wangu, mama, maana najua wewe utakuwa radhi."

"Nani kakwambia nitakuwa radhi?"

Nilikuwa nimekaa kati yao, binti wa huyu na wifi wa yule, na nilimwona kaka anafungua mdomo mara ya tatu, akaufunga. Alikuwa amebakiwa na hiyo busara.

Wifi yangu si mtu wa kupiga kelele. Asubuhi alimwandalia mumewe chai katika kikombe cha wageni, kile chenye kisahani na maua ya dhahabu, akamkatia mkate wa kumimina vipande vilivyolingana, akamwuliza, "Bwana, utahitaji kitu kingine?" Kaka alikunywa chai ile kama anayekunywa dawa. Alikuwa amehamishwa kutoka kwa watu wa nyumbani akawa mgeni, kwa heshima zote, na mgeni hana pa kulalamika. Mama naye aliikunja sare yake akairudisha sandukuni. Kila aliyemwuliza kwa nini, alimjibu kwamba yeye si wa kusafiri tena, yeye ni wa kuzama tu, na watu wasimsumbukie. Wifi aliposikia hayo akasema basi abaki yeye, mama aende, kwa kuwa nafasi ya kuokolewa imeshajulikana ni ya nani. Tiketi zilikuwa juu ya meza, chini ya kopo la sukari, na hakuna aliyezigusa.

Jioni akaletwa ami, ndugu wa marehemu baba, mtu wa msikitini na mwenye kusikilizwa. Alisema jambo lenyewe dini imeshalimaliza, akaitaja hadithi mashuhuri ambamo Mtume anamtaja mama mara tatu kabla ya kumtaja baba. Mama akajiweka sawa kwenye kiti. Wifi alikuwa nyuma ya pazia anakaanga sambusa, akajibu kutoka hukohuko kwa adabu, lakini kila neno likasikika: "Ami, Mtume aliulizwa nani anastahiki zaidi kufanyiwa wema. Hakuulizwa nani aachwe afe." Ami aliomba kahawa nyingine. Na mimi nasema wifi alikuwa sahihi. Hadithi ile inamwamuru mtu amtendee mama yake wema kila siku ya maisha yake, na mwenye kuigeuza kuwa foleni ya kuvuliwa majini anaipunguza.

Kijana wao mkubwa, anayesoma chuo kikuu Dar es Salaam, alipigiwa simu ili aamue, ikawekwa spika. Kumbe darasani kwao somo hilo wanalo. Alitueleza kwamba mwaka 1967 mwanafalsafa Mwingereza, Philippa Foot, aliandika kuhusu dereva wa tramu ambayo haisimamishiki: akinyoosha, anawaua watu watano walio kwenye reli, akikata kona, anamwua mmoja. Tangu hapo wasomi hawajaliacha. Watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, wakaligeuza kuwa mchezo kwenye intaneti: gari linalojiendesha lenyewe, breki zimekatika, agongwe nani? Matokeo waliyochapisha mwaka 2018 yalitokana na majibu yanayokaribia milioni 40, kutoka nchi na maeneo 233. Wengi walitaka waokolewe watu wengi kuliko wachache, na vijana kuliko wazee, ingawa katika nchi kama Japani na China upendeleo huo kwa vijana ulikuwa mdogo zaidi.

"Vijana kuliko wazee," mama alirudia. Simu ikawa kimya. Kijana aliyekuwa anasoma kwa fedha za bibi yake alitambua alipofika, lakini alikuwa ameshafika.

Halafu mama akauliza: "Na hizo breki, nani alizikagua kabla gari halijatoka?"

Mjukuu akasema katika mchezo ule hilo haliulizwi. Mama akasema hapo ndipo penye walakini. Yeye angempeleka aliyelitoa gari barabarani mbele ya hakimu, kisha ndio wakae wazungumze nani afe. Wakati ule tulilichukua kama neno la mtu mwenye hasira. Sasa naona lilikuwa neno zito kuliko yote yaliyosemwa nyumbani kwetu siku zile.

Kwa kuwa hukumu haikupatikana, tukaanza kumtafuta aliyelileta swali. Mtoto alisema alilisikia kwa mwenziwe wa chuoni. Mwenziwe alilisikia kwa dada yake, dada yake aliliona kwenye simu ya jirani, na jirani alitumiwa na mtu wa Mpendae. Ilikuwa kama ile hadithi ya mwalimu Goso, ambayo Edward Steere aliiandika kutoka kwa watu wa Unguja na kuichapa London mwaka 1870: wanafunzi wanamtafuta aliyemwua mwalimu wao, wanaishtaki kusi, kusi inautaja ukuta, ukuta unamtaja panya, na kila mshitakiwa anamtaja anayemshinda, mpaka wanafika kwa paa, paa akakosa la kusema, wakamwua. Kwetu aliyekosa la kusema alikuwa kaka.

Hadithi zinazoishia kwenye swali si ngeni kwetu Waafrika. Mwanaanthropolojia Mmarekani William Bascom alizikusanya akatoa kitabu kizima mwaka 1975, zimetoka pande nyingi za bara. Msimulizi anafika mahali pagumu, anasimama, anawageukia wasikilizaji: nani ana haki? Watu wanabishana mpaka usiku unakuwa mkubwa. Lakini ndani ya hadithi hizo mwenye mke na mama ni mtu wa mbali, hajulikani, na anayesikiliza anaweza kusema lolote, kisha akaamka asubuhi akanywa chai na watu wake. Swali la mkekani kwetu liliulizwa mbele ya wanaookolewa, wakiwa na tonge mkononi. Mwanamke akimsikia mumewe anasema atamwacha, hasikii nadharia. Anasikia habari zake mwenyewe.

Tena hapa kwetu boti si mfano tu. MV Spice Islander I iliondoka bandari ya Malindi, Unguja, usiku wa tarehe 9 Septemba 2011 kuelekea Pemba, na watu waliokuwa wanarudi baada ya Idi, imepakia kupita uwezo wake. Ilizama usiku wa manane karibu na Nungwi. Mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikitoka Dar es Salaam ikazama karibu na Chumbe. Walikufa mamia. Kuna mitaa ya Unguja na Pemba ambayo huwezi kupita nyumba tatu bila kufika kwenye nyumba iliyopokea maiti, au iliyongoja maiti ambayo haikuletwa. Mtu wa bara anaweza kuuliza "boti ikizama" akacheka. Kisiwani, anayeulizwa anaweza kuwa na jibu asilotaka kulitoa.

Tulisafiri. Ami alikuja alfajiri, akasimama mlangoni na fimbo yake, akasema harusi ya watu haingojei boti ya kufikirika, na mama hakuweza kumvunjia heshima. Ndani ya boti mama alikaa dirishani upande wa kulia, wifi dirishani upande wa kushoto, na kaka, ambaye tiketi yake ilimruhusu kukaa popote, alisimama njia nzima karibu na mlango. Mtoto alilala mapajani mwangu. Bahari ilikuwa shwari kabisa.

Pemba tulifikia kwa mama mdogo, Wete. Yeye alikuwamo ndani ya Spice Islander. Sisi watu wazima hatumwulizi habari za usiku ule; akitaka kusema atasema, na kwa kawaida hasemi. Sasa fikirini hali yetu, ukumbi umejaa wanawake wanachambua mchele wa pilau, na mtoto anatambaa mpaka kwa mama mdogo, anamsimulia mambo yote ya nyumbani, sahani, kikombe cha wageni, ami, breki, kisha anauliza: "Na wewe bibi, ungemwokoa nani?"

Vidole vyote vilisimama kwenye sinia. Wifi alimvuta mtoto kwa nguo. Mama mdogo akasema, "Mwache. Kauliza."

Akaendelea kuchambua mchele, na akasema huku anachambua. Kule majini, alisema, hakuchagua mtu. Taa zilizimika. Kulikuwa na magodoro yanaelea, mizigo ya watu, yeye akapata ncha ya godoro moja, na kwenye godoro hilo kukawa na mkono mwingine, akaukamata. Mpaka kulipokucha hakuujua mkono ule wa nani. Hakuuliza, alisema, kwa sababu angeuliza na kuambiwa, pengine angetaka mwingine. Palipopambazuka aliona ni wa kijana muuza nguo ambaye hawajawahi kuonana, na mpaka leo kijana yule humletea kanga kila Idi.

Halafu akamgeukia mtoto. "Na wewe ulikuwa wapi, boti yako ilipozama?"

"Nilikuwamo."

"Mbona hukujitaja?"

"Baba ana mikono miwili," mtoto alisema. "Mmoja kanishika mimi."

Nilimwona kaka kupitia mlango wa ua, alikuwa amebeba sufuria la maji, akalitua chini. Siku zote zile tulikuwa tunapima mapenzi yake kwa mizani, na hakuna aliyemwuliza mtoto kwa nini ni mtu mmoja tu anayeweza kuokolewa. Alikuwa anaogopa kupanda boti. Alishahesabu. Mkono mmoja ni wake, umebaki mmoja, na wanawake ni wawili. Alitaka kujua akifika nchi kavu atamkuta nani.

Mama mdogo aliwatazama dada yake na wifi. "Nyinyi mnajua kuogelea?"

Hawajui. Mama amezaliwa Unguja na amezeekea Unguja, wifi kwao ni Makunduchi, nyumba yao haiko mbali na pwani, na wote wawili hawajawahi kuingia maji yanayopita kiuno.

"Basi mnagombana nani atawavuta," mama mdogo alisema, "na hamjajifunza hata kuelea."

Hapo ndipo nilipouelewa ubovu wa lile swali, na tangu siku hiyo nalisema kwa kila anayetaka kusikia. Limewaketisha wanawake wawili ndani ya boti kama magunia, likampa mwanamme mmoja mamlaka ya kuamua, kisha likatutaka tubishane juu ya moyo wake. Halisemi nani aliijaza boti. Halisemi maboya yako wapi. Na halijiulizi imekuwaje watu waliozungukwa na bahari pande zote wengi wao hawajui kuogelea. Mama yangu alikuwa ameshauliza kuhusu breki. Mama mdogo kauliza kuhusu maji.

Nenda Forodhani, pwani ya mjini, jioni yoyote. Utawaona vijana wanaruka makachu kutoka ukutani, wanapinduka hewani, wanaingia majini kichwa mbele, na watu wanapiga makofi. Hawakufundishwa na mtu. Walianza wadogo, wakimfuata aliyetangulia. Dada zao wamekaa ukutani wanatazama. Si kwamba bahari si yao. Kilimo cha mwani kilichoanza Paje na Jambiani mwaka 1989 kinafanywa zaidi na wanawake, wanashinda na maji ya magoti, migongo imepinda. Mwani aina ya cottonii ndio wenye bei nzuri, na ndio unaokufa maji ya pwani yakipata joto. Dawa yake ni kuupanda kwenye kina kirefu. Lakini huko kunataka mtu anayejua kuogelea, kwa hiyo wengi wamebaki na aina ya spinosum, ya bei ndogo. Mwanamke asiyejua kuogelea anapoteza pesa hata siku ambayo hakuna boti iliyozama.

Wapo walioliona hili mapema. Kaskazini ya Unguja, Panje Project ya Nungwi iliwafundisha wasichana na wanawake kuogelea, na walimu wake wakiwemo wanawake wa hapohapo, na mavazi ya kustiri mwili mzima yaliyoshonwa kwa kazi hiyo. Picha za wasichana wale wakiwa wanaelea majini, zilizopigwa na Anna Boyiazis, zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Wazazi waliokuwa na wasiwasi juu ya stara walijibiwa kwa mavazi, na wenye wasiwasi juu ya mwalimu mwanamme walijibiwa kwa mwalimu mwanamke. Kumbe njia ilikuwepo.

Tuliporudi mjini, wifi alimtafuta msichana aliyejifunzia huko kaskazini na sasa anafundisha. Tukaanza kwenda pwani ya Mazizini baada ya sala ya alfajiri, siku ambazo maji yamejaa. Dera halifai, likiingia maji linajaa kama tanga na kumvuta mtu chini. Wifi alishona suruali ndefu za kitambaa chepesi na magauni mafupi yenye mikono, mtandio unafungwa nyuma ya shingo.

Somo la kwanza si kuogelea, ni kulala chali juu ya maji, na mama lilimshinda siku nyingi. Kila akilala alikaza shingo ili masikio yasiingie maji, na kila akiinua kichwa miguu ilizama. Mwalimu alimweleza kwamba kichwa ni kizito, na maji yanakibeba ukikubali kukiweka. "Masikio yaingie, bibi. Ukiacha kusikia watu, utaelea." Mama alisema maisha yake yote hajawahi kuacha kusikia watu. Wifi ndiye aliyesimama nyuma yake, akampakata kichwa kwa viganja viwili, akakishusha polepole mpaka masikio yakaingia. Nyonga za mama zikapanda juu zenyewe. Alikaa hivyo anatazama mbingu, macho wazi, pumzi inapanda na kushuka, na wifi hakuondoa mikono mpaka alipoambiwa aondoe.

Wifi mwenyewe alijifunza na dumu tupu la lita 20, kifuniko kimekazwa, amelikumbatia kifuani na kupiga miguu. Sasa anaweza kutoka mtumbwi mmoja mpaka mwingine bila dumu. Mtoto amewapita wote.

Kaka naye alikuja siku moja. Yeye kuogelea anajua, ni mmoja wa watoto wa Forodhani. Mwalimu alimwuliza angemwokoaje mtu anayezama. Kaka akasema angepiga mbizi akamkamata. Mwalimu akatikisa kichwa. Anayezama hamjui mama wala mwana, alisema. Atakupanda kichwani ili apate pumzi, na mtazama nyote wawili. Usimpe mwili wako, mpe kitu cha kushika. Alichukua lile dumu, akafunga kamba kwenye mshikio wake, akamwonyesha kaka jinsi ya kulirusha lipite juu ya mtu kisha kulivuta mpaka limfikie. Aliwaweka mama na wifi mbali kidogo, maji ya shingo. Kaka akarusha, likaangukia upande. Akarusha tena, likawafikia, wakalishika wote wawili, huyu upande huu na yule upande ule, na akawavuta wote mpaka pwani.

Kikombe cha wageni kimerudi kabatini. Mama hajasema kwamba amesamehe, lakini safari iliyofuata ya Pemba alipanga mwenyewe, na alikwenda bandarini ameshika dumu tupu lenye kamba. Mfanyakazi wa boti alimzuia mlangoni, akauliza ndani mna nini.

"Hewa," mama alisema. "Na hayo maboya yenu mmeyaweka wapi?"

Kijana alimwonyesha chini ya viti. Mama hakuridhika. Alimtaka atoe moja, alivae, afunge kamba zote mbele yake, kisha amfundishe na yeye, na baada yake wifi, na baada ya wifi yule mama wa kiti cha nyuma aliyekuwa ananyoosha shingo aone. Boti ilichelewa kidogo kung'oa nanga. Wakati inang'oa, safu yetu nzima ilikuwa imejifunga maboya ya rangi ya machungwa, na mama yuko katikati, anakaza kamba ya mtoto asiyekuwa wetu.